Vidoti vya moto viko Katavi, mbona kaboni monoksidi imetanda hadi Kongo?

Mtoto wa Mpanda
Wakuu, heshima kwenu. Nafuatilia mioto ya miombo ya kwetu Katavi. Agosti na Septemba ramani ya VIIRS, kihisi cha setilaiti kinachoonyesha mioto, inajaa vidoti vyekundu, lakini nikiweka juu yake ramani ya kaboni monoksidi, hewa itokayo na moshi, ya kihisi cha TROPOMI ya siku hiyo hiyo, naona utando mmoja mpana unaovuka Ziwa Tanganyika. Vidoti viko kivyake, hewa iko kivyake. Nataka kujua pori letu linatoa tani ngapi. Kila mwaka tunaambiwa kuchoma mapema, mwezi wa sita, kunapunguza moshi. Mimi nataka namba.

Fundi Hewa
Ndugu yangu, swali zuri sana, na linanigusa kwa sababu watu wengi wanasoma ramani hizi kana kwamba hewa inakaa pale ilipozaliwa.

VIIRS inaona joto, kwa pikseli ya mita 375. TROPOMI, iliyopanda na setilaiti ya Sentinel-5P Oktoba 2017, haitafuti moto. Inapokea mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu, na karibu na maikromita 2.3 inasoma kiasi gani cha mwanga huo kimemezwa na kaboni monoksidi njiani. Pikseli yake ni kama kilomita 5.5 kwa 7, na inapita kwenu mara moja tu mchana, mnamo saa saba na nusu kwa saa ya jua. Moto uliowashwa saa kumi jioni haumo kwenye picha ya siku hiyo.

Halafu kaboni monoksidi inaishi mwezi mmoja hadi miwili. Kusi inakuletea moshi wa Ruvuma na wa Niassa kule Msumbiji, wa kwako nao unaupeleka Kongo. Utando unaouona ni mchango wa wengi.

Moto mmoja mkubwa unapimika ukipata siku ya upepo uliotulia. Tupa pikseli ambazo alama ya ubora iliyomo kwenye data ya TROPOMI haizidi 0.5. Chukua kiwango cha upande upepo unakotoka, kitoe kwenye kiwango cha ndani ya mkia wa moshi. Tuseme umebaki na ziada ya moli 0.01 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 28, ambazo ni gramu za moli moja ya kaboni monoksidi, unapata gramu 0.28. Mkia una upana wa kilomita 40, upepo mita 5 kwa sekunde: unapata kilo 56 kwa sekunde, yaani kama tani 200 kwa saa. Kwenye upepo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Usichukue ule wa mita 10 juu ya ardhi wakati moshi umeshapanda kilomita mbili.

Binti Kigoma
Naongezea hapo kwenye kuchoma mapema, maana naona linachukuliwa kirahisi mno. Nyasi za Septemba zimekauka, zinawaka kwa miali, na kwa savana makadirio ya kawaida ni gramu 65 hivi za kaboni monoksidi kwa kila kilo ya majani makavu. Za Juni bado zina unyevu: zinafuka badala ya kuwaka, kwa hiyo kila kilo inaweza kutoa zaidi. Faida inakuja kwa sababu zinaungua kilo chache na moto unakufa wenyewe usiku. Linganisha jumla ya msimu mzima, usilinganishe siku na siku.

Na tafadhali usihesabu vidoti vya Juni. Mioto midogo inapotea. Picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli ndogo, za mwaka 2016 zilionyesha eneo lililoungua Afrika kusini mwa Sahara ni kubwa kwa asilimia 80 kuliko lile la MODIS, kihisi chenye pikseli kubwa zaidi.

Mtoto wa Mpanda
Ahsanteni sana, dada na kaka. Upepo wa juu naupata wapi, na nichukue kimo gani?

Fundi Hewa
ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima, ni bure, na ina data ya kila saa. Katavi chukua wastani wa tabaka za hewa zenye kanieneo ya hektopaskali 850 hadi 700, saa ile ile setilaiti inapopita. Ukikuta upepo wa chini na wa juu unakwenda pande tofauti, iache hiyo siku, tafuta nyingine.