Dadangu katoka kwa mume mpigaji, tumsaidieje?

Binti_Kisauni: Jamani, dadangu alikuwa akipigwa na mumewe miaka na sisi hatujui. Sahii yuko kwetu, halali, simu ikilia anaruka. Mamangu naye kila saa vumilia mwanangu, nami nachoka. Tufanyeje?

MamaMahamri: Pole mamii. Hilo la vumilia likomesheni kwanza, mtu akikuta hata kwao hasadikiwi arudi kule kule. Mimi kilichonisimamisha ni kachama ketu ka Likoni, walinipa mtaji wa unga na mafuta nikawa napika mahamri alfajiri, yaani kushika pesa yangu mwenyewe ndo nikaacha kuogopa, hata usingizi ukarudi polepole. Ana ujuzi wowote?

Baharia07: Pigeni 1195, laini ya msaada ya Kenya kwa wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure, mchana na usiku. Na sheria ya Kenya ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani yamruhusu kuomba amri ya korti huyo bwana asimkaribie. Kama ana alama akatibiwe na P3, ile fomu ya polisi daktari huandika majeraha, ijazwe, msingoje.

Binti_Kisauni: Ajua kushona madera, ila cherehani kaiacha kule.

MamaMahamri: Asiifuate peke yake! Mwende na mzee wa mtaa, na kaka zenu wawili watatu hivi.