Ushauri: Ukuta kati yangu na jirani umeanguka, kila mtu anasema ni wa mwenzake

MgeniWaMtaa:
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri maana nimechoka kuwaza. Mimi na mke wangu tulinunua nyumba miaka miwili iliyopita, tukaikuta imeshazungushiwa fensi ya tofali pande zote. Aliyetuuzia alituonyesha kwa mdomo tu, huu wa kulia wa jirani, wa kushoto na wa nyuma wangu, na sisi tukawa tunaitikia kwa kichwa, si mnajua mtu akishapenda nyumba haulizi maswali. Sasa huo wa kulia umeanza kulalia upande wetu tangu mvua za mwaka jana, juzi usiku kipande kama cha hatua nne kikashuka, tofali zimemwagika mpaka chini ya kamba ya kuanikia nguo na hapo ndipo watoto wanapochezea kila siku. Asubuhi nikaenda kwa jirani, mzee mtaratibu tu hatujawahi kukwaruzana, nikamwamkia nikamwambia mzee ukuta wako umeanguka. Akaniangalia, akasema "Wangu? Huo aliujenga aliyekuuzia nyumba, mimi nilikuwa nasimama hapa namwangalia." Nikakosa la kusema nikarudi. Mke wangu anasema tuchangie nusu kwa nusu yaishe, shemeji yangu anasema tusitoe hata senti. Nani anatakiwa kuujenga?

KonaYaPili:
Pole mkuu. Hati unayo? Siyo karatasi ya kuuziana, naongelea hati ya kiwanja yenye ramani. Maneno ya muuzaji hayo achana nayo, alishachukua hela yake akaenda.

MgeniWaMtaa:
Ipo. Ina mistari na namba za bikoni (yale mawe ya mpaka) na vipimo, fensi haijachorwa popote.

MamaWawili:
Mimi nilivyoambiwa tangu zamani ni kwamba ukisimama mlangoni ukatazama barabara, wa kulia ndio wako. Kwa hiyo hapo kaka ni wa kwako tu.

SeveaMstaafu:
Dada yangu, hiyo ya kulia na kushoto nimeisikia miaka yote niliyofanya kazi ya upimaji na sijawahi kuiona imeandikwa mahali. Hata Uingereza watu wanaiamini kweli kweli na hakuna sheria ya namna hiyo, huko wanaangalia hati, wakati mwingine kwenye ramani kuna kialama cha herufi T kimeegemea mstari, upande kilipo ndiye mwenye fensi, kisipokuwepo wanabishana kama nyinyi. California wao wana sheria ya mwaka 2013 inayoanza kwa kuchukulia kwamba fensi ya mpakani inawafaa majirani wote sawa, kwa hiyo gharama nusu kwa nusu, na anayetaka kujenga anampa mwenzake notisi ya maandishi siku 30 kabla. Nimetaja hizo uone kila mahali na yake, kwa hiyo kwanza uliza ofisi ya ardhi na halmashauri ya kwenu wanasemaje.

Ila swali la kuanzia ni lile lile kila mahali. Huo ukuta umesimama wapi ukilinganisha na mstari wa mpaka? Ukiwa wote ndani ya kiwanja cha mmoja, mara nyingi ni wa huyo. Ukiwa umekalia mstari, hapo ndio mnaanza kuulizana nani alijenga na mlikubaliana nini. Tafuta bikoni mbili za upande huo, ya mbele na ya nyuma, vuta kamba ikaze, ndio uongee. Usipoziona usianze kuchimbachimba wala kuhamisha chochote, mwite mpima mwenye leseni, na mzee awepo siku hiyo aone kwa macho yake.

jembe_butu:
mkuu unajisumbua bure, jenga wa kwako ndani ya kiwanja chako umalize, wa mzee uanguke wote kama unataka kuanguka

KonaYaPili:
@jembe_butu ushauri huo ndio unaozaa kesi. Akirudi ndani anaacha kipande cha ardhi nje ya ukuta wake, mzee anapanda maua pale, miaka inakwenda, watoto wa mzee wanakua wakijua ni kwao. Kuna nchi nyingi tu mtu akikaa kwenye ardhi muda mrefu bila kupingwa sheria inaanza kumtambua. Na katikati ya kuta mbili panakuwa kichochoro cha takataka hakuna wa kufagia.

FundiKimya:
Mbona mnakimbilia umiliki. Mwenye uzi nijibu hili, udongo wa upande wa mzee uko usawa mmoja na wa kwako?

MgeniWaMtaa:
Umenifanya nitoke nje saa hizi na tochi. Nimechungulia pale palipobomoka, upande wake uko juu, ukisimama kwangu udongo wake unanifika juu kidogo ya goti. Nakumbuka alimwaga kifusi kabla ya zile mvua alipotengeneza sehemu ya kuegesha gari. Sikuwahi kufikiria hilo.

FundiKimya:
Basi hapo ndipo ilipo ishu. Ukuta wa fensi unajengwa usimame wenyewe, haujengwi kuzuia udongo. Tofali moja, msingi mfupi, nguzo chache. Ukishauegemezea kifusi mpaka gotini halafu mvua ikanyesha, udongo ukilowa unakuwa mzito, maji hayana pa kutokea, yanasukuma ukuta. Hauanguki siku hiyo hiyo, unaanza na ufa wa kulala pale udongo unapoishia, kidole kinaingia, kisha unajikunja taratibu kuelekea upande wa chini. Nenda kaangalie kipande ambacho bado kimesimama utauona huo ufa. Na sogeza kamba ya nguo na watoto LEO, kilichobaki nacho kinakuja.

Kwa hiyo kuna mambo mawili hapo, mwenye ukuta ni nani, na nani aliuangusha. Inawezekana ukawa wako na bado yeye akawa ndiye wa kuulizwa. Piga picha pande zote kabla hujaondoa hata tofali moja, weka rula au mtoto asimame pale kimo kionekane (mtoto awe mbali na ukuta lakini 😅).

MamaWawili:
Na hiyo nusu kwa nusu ya wifi siyo mbaya ila muandikiane. Sisi tulichangia na jirani kirafiki kabisa, tukacheka, tukashikana mikono, mwaka wa tatu akauza nyumba akahama, aliyekuja akapigilia mbao za paa la banda lake kwenye ukuta wetu, kumuuliza anasema ukuta alinunua pamoja na nyumba. Karatasi hatuna, wa kutushuhudia kashahama. Mpaka leo mvua ikinyesha maji ya banda lake yanamwagikia kwangu.

MgeniWaMtaa:
Wakuu narudi na mrejesho. Mpima amekuja jana, mzee nilimwomba awepo akaja na kiti chake kabisa. Bikoni ya mbele ilionekana haraka, ya nyuma ilikuwa chini ya majani makavu na ndoo mbovu, haijaguswa. Kamba ikavutwa. Ukuta wote uko ndani kwangu, kama shibiri moja kutoka kwenye mstari. Kwa hiyo mzee alisema kweli, ukuta ni wangu, na mimi nilienda kumgongea asubuhi namwambia wako. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya mpima.

Halafu nikamwonyesha ule ufa. Upo kama fundi alivyosema, umelala sawasawa na kifusi. Mzee aliinama akauchungulia muda mrefu, akaingiza ufunguo wa gari ndani yake, ukaingia wote. Hakubisha. Akasema tu "hilo sikulijua."

Tumekubaliana ukuta naujenga mimi kwa sababu ni wangu, yeye anaondoa kifusi kirudi usawa wa zamani. Ila anauliza, ile sehemu ya gari anaipenda, hawezi kuibakiza?

FundiKimya:
Anaweza, lakini ajenge ukuta wake wa kuzuia udongo ndani ya kwake, na huo ni kazi nyingine, msingi mpana, nondo, kokoto nyuma, na mabomba ya kutolea maji yaelekee kwake yasije kwako. Amtafute injinia auchore, asimpe fundi wa fensi. Na wewe msingi wako mpya kumbuka jamvi la chini ni pana kuliko ukuta, pima lisivuke kamba.

SeveaMstaafu:
Mwandikiane hayo hayo uliyoandika hapa, na ramani ya mpima iambatanishwe, kila mtu nakala yake.

MgeniWaMtaa:
Tumeandika jana usiku, mke wangu ndiye mwandishi maana mzee alisema mwandiko wangu hausomeki. Mzee ameamua kifusi kiondoke, gari litakaa mbele. Shemeji bado amenuna.