Mrejesho: vali za umeme kwenye mashine ya zamani ya kunyunyizia dawa

Wakuu, niliuliza kama mashine yangu ya kukokotwa na trekta, yenye koki za kufunga kwa mkono kila sehemu ya bomba la nozeli (vitundu vya kutolea dawa), inaweza kuwekewa vali za umeme za volti 12. Imewezekana, asanteni sana.

Kazi kubwa ilikuwa presha. Ukifunga sehemu moja ya bomba la nozeli, zilizobaki zinapanda presha na dawa inazidi. Aliyeshauri vali za njia tatu, zinazorudisha dawa kwenye tangi, alinisaidia mno: kila njia ya kurudi nimeirekebisha peke yake mpaka mshale wa geji ukatulia, sehemu ikiwa wazi au imefungwa. Ukibadilisha saizi ya nozeli, rekebisha upya. Nyaya zina fyuzi yake kutoka kwenye betri. GPS, ya kufungua na kufunga sehemu zenyewe kulingana na mahali trekta ilipo shambani, itafuata baadaye.