Miti ya mapambo ya kuinama: tupeane uzoefu wa kuipogoa bila kuiharibu

Wadau, salaam. Naanza mimi. Hapa Arusha nina botobrashi ya kuinama, ile ya maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Matawi yalipofika chini, nikamwita kijana wa bustani, mimi nikaenda kazini. Kurudi, amekata duara zima usawa wa kiuno, ncha zote zimekwenda. Na mti huu hutoa maua karibu na ncha, kisha kitawi huendelea kukua kupita ua. Msimu uliofuata maua hayakufika kumi. Ndege aina ya chozi waliokuwa wanakuja kila asubuhi wakapotea. Iliniuma sana.

Siku hizi nakata mwenyewe. Maua yakishanyauka tu, nakata nyuma kidogo ya ua, palipo bado na majani. Shikeni kitawi mkitazame: vile vijumba vya mbegu, vigumu, vimeng'ang'ania kijiti kama shanga, ndipo ua la zamani lilipokuwa. Mbegu hukaa humo miaka. Sishuki hadi sehemu ya kitawi iliyo tupu, isiyo na jani, maana hapo kuchipua ni kwa shida. Pakisongamana, naingia chini ya mwavuli na kutoa tawi zima pale linapoanzia. Likitoka moja narudi nyuma, natazama umbo, ndipo naligusa lingine. Nyie mnafanyaje?

Wa Mombasa: Pole sana ndugu yangu. Yangu haikuumizwa na mkasi, ni ardhi. Kwetu chini ni jiwe la matumbawe, chokaa tupu. Majani machanga yakawa manjano, mishipa yake imebaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji, wapi! Fundi mmoja wa miche ndiye aliyenifungua macho: mti umekosa chuma, kwa kuwa chokaa inakizuia kisiingie mizizini. Nikatia mboji, matandazo ya majani makavu, na mbolea ya chuma. Majani mapya yalitoka ya kijani. Mwaka ule sikupogoa hata kijiti.

Wa Leicester, Uingereza: Mimi huku nina mwerebi (kwa Kiingereza willow) mdogo wa aina iitwayo Kilmarnock. Ni mti wa kubebesha kama miche ya embe kule nyumbani: kilele kinachoinama kimeunganishwa juu ya shina lililonyooka. Chipukizi likitoka chini ya kovu la kiungo, hilo ni la shina, si la kilele. Hukua wima, kwa kasi. Mimi kuona kijani nikafurahi, nikaliacha miaka miwili, na likanyonya nguvu hadi nusu ya mwavuli ikakauka. Sasa nayang'oa kwa vidole yangali laini. Kupogoa ni baada ya vile vishada vyake vya manyoya kwisha, baridi ikipungua. Natoa kwanza vijiti vilivyokufa ndani, na huwa vingi mno, kisha nakata juu ya jicho, yaani kichomozo cha chipukizi, linalotazama nje ili mwavuli upanuke.

Wa Arusha tena: Asanteni. Nimetoka sasa hivi kukagua shina langu, halina kovu, nadhani lilioteshwa kwa mbegu. Ila kuna tawi nene limeelemea ukuta, unene wa mkono wangu. Aliyewahi kuondoa la namna hiyo kwa msumeno, alianzia wapi gome lisichanike?