Tupeane uzoefu: sheria ndogo za mji, mgambo na meza za barabarani

Wakuu, salaam. Naomba tusimuliane tulivyokutana na sheria ndogo za mji: meza kuondolewa, faini ya takataka, bodaboda kuzuiwa katikati ya mji, chochote kilichokupata. Wengi wetu tunazijua sheria hizi siku gari la mgambo linapofika. Halmashauri inazitunga chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, waziri anaziridhia, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Sasa mama anayekaanga vitumbua alfajiri, gazeti hilo atalionea wapi?

Naanza mimi. Nauza viatu vya mtumba. Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, nilichukua changu nikatandaza pembeni ya barabara roho kwatu. Mwaka 2021 Rais Samia akaagiza wamachinga wapangwe upya bila kutumia nguvu. Kwetu tulitangaziwa mapema, nikahamia ndani ya soko. Wateja walipotea mwanzoni, nikakopa hadi kodi ya chumba, lakini mzigo wangu niliubeba mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni cha miaka ya nyuma, kabla ya vitambulisho: viatu vilirushwa kwenye gari, hakuna aliyeandika hata jozi moja. Nilipofuatilia, kila ofisi ilinipeleka ofisi nyingine. Sikuviona tena. Nyie je?

Mamalishe wa stendi
Pole sana kaka. Mimi walibeba jiko na masufuria, chakula wakamwaga. Nilimfuata mwenyekiti wa mtaa tukaongozana naye. Nikaambiwa kuna faini, nikasema nalipa, ila nipeni namba ya malipo ya serikali nilipie kwenye simu. Kiasi kilichoandikwa kilikuwa pungufu ya kile nilichotajiwa mdomoni! Nililipa, nikapata stakabadhi, vyombo nikarudishiwa, sufuria moja tu halikuonekana. Dada zangu, msitoe fedha mkononi hata ukiharakishwa vipi.

Msomaji asiyeona
Naomba na sisi tusikike. Natembea kwa fimbo nyeupe. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, enzi meza zimejaa pande zote, nilikuwa siwezi kupita peke yangu. Fimbo ikigusa ndoo ya mtu nafokewa, nikishuka barabarani pikipiki zinanipitia ubavuni. Walipowapanga 2021 nilipita tena njia ya waenda kwa miguu, nilifurahi mno. Baadaye meza zikaanza kurudi moja moja. Siwaombei wafanyabiashara mabaya, nanunua kwao kila wiki. Naomba upana wa mtu na fimbo yake, basi. Na mfuniko wa mtaro ukiibwa urudishwe, maana huo nao ni usalama wa mji.

Mkazi wa Moshi
Huku kutupa taka ovyo faini ni 50,000 na mtu anajua tangu utotoni. Nimeona abiria mgeni anatupa ganda la ndizi dirishani, kondakta mwenyewe akashuka kuliokota kabla gari halijaondoka stendi. Nadhani kinachosaidia ni kwamba sheria haibadiliki kila anapokuja kiongozi mpya. Mkileta ya kukamata wiki hii na kuachia wiki ijayo, watu watacheza na bahati.

Niliyewahi kuwa mgambo
Niseme la upande wetu. Tulikuwa tunapelekwa kazini bila fomu ya kuorodhesha mali, posho inachelewa, na wakubwa wanataka barabara iwe nyeupe kabla ya saa nne. Hapo ndipo vitu vinapopotea. Ukiona wanapakia, usigombane. Piga picha mzigo wako, uliza jina la kiongozi wa operesheni, na siku hiyohiyo nenda kwa afisa mtendaji ukiwa na shahidi. Ukichelewa, mali zinachanganyika stoo na huwezi tena kuonyesha ipi ni yako.

Mwanzisha mada
Asante mkuu, hili la picha sikulijua. Dada wa stendi, ile stakabadhi iliandika kifungu gani cha sheria ndogo? Ukiipata tuwekee hapa, funika jina lako. Na ndugu yetu wa Kariakoo, meza yangu nitaisogeza nyuma, kesho napima mwenyewe nafasi inayobaki. Waendesha bodaboda bado hamjasema, karibuni.