Mikisa ya taa chaneli 24: preseti mbili, preseti moja au kumbukumbu?

Chikongola_Taa
Wakuu habari za jioni. Kuna mikisa ya taa nataka kuichukua, mtumba ila iko poa, ina fada 24 (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha mwanga) na unaweza kuiendesha kwa modi tatu. Preseti mbili, yani safu ya juu chaneli 12 (njia za kupeleka amri kwenye taa) na safu ya chini ni zilezile 12. Preseti moja, fada zote 24 kila moja na chaneli yake. Halafu kumbukumbu, unarekodi sini, yani mpangilio wa taa, unakuja kuziita baadae. Kazi zangu harusi, sendofu, kwaya, na korosho zikishauzwa ndo hivyo tena, ngoma mpaka Newala huko. Nina pakani za LED 10 (zile taa za mkebe) na muvinghedi 2 (taa zenye kichwa kinachozunguka). Nyie mngeiendesha vipi?

Fundi Ligula
Preseti mbili mkuu, sijiulizi. Harusi za kwetu ratiba ipo kwenye karatasi tu, MC anasema keki mara shangazi zake bibi harusi washaingia na vigelegele. Sasa safu A inawaka ukumbini, we huku unapanga safu B kimyakimya hakuna anayeona, wakiingia unavusha, yani A inashuka B inapanda. Na umeme ukikatika ukirudi fada ziko palepale ulipoziacha.

Lindi_Stejini
Fundi hapo nakukatalia kidogo, kwaya au igizo la shule preseti mbili utatoka jasho. Igizo lina mabadiliko ya taa 30 au 40, utapanga safu mpaka lini? Rekodi kyuu, yani kila badiliko la taa, kwa mpangilio, kila moja na muda wake wa kufifia, usiku ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Tena sini ya usiku na ya asubuhi zinafanana mazoezini na siku yenyewe.

Fundi Ligula
@Lindi_Stejini kwa igizo sawa, nakupa. Ila kwaya mwalimu akirudia kibwagizo mara nne we kyuu zako zinakuwa mbele ya wimbo 😂

Mama wa Shangani
Wanangu mnabishana modi, hesabu hamjapiga. Pakani ya LED ikiwekwa chaneli 3 ni nyekundu, kijani, bluu. Kumi ni chaneli 30, hazienei hata kwenye hiyo 24. Mdogo wangu zigawe makundi manne, taa za kundi moja zipe adresi moja (namba ya chaneli ya kuanzia), 4 mara 3 ni 12, zinakaa sawasawa kwenye safu moja na preseti mbili inafanya kazi. Ila hakikisha taa zako zina modi ya chaneli 3, zipo ambazo zinaanzia 4 au 7, na ya 7 mara nyingi ina chaneli ya mwanga mkuu, isipopanda taa haiwaki hata upandishe rangi zote.

Chikongola_Taa
Asante sana mama, hilo la makundi sikuliwaza kabisa. Na muvinghedi?

Mama wa Shangani
Hizo usizivushe kwa preseti mbili. Mwanga unaenda kwa HTP, fada iliyo juu zaidi ndo inashinda, safi kabisa kwa pakani. Lakini kichwa kinaelekea wapi hakuna cha juu wala chini, pale inatakiwa LTP, amri ya mwisho ndo inafuatwa. Ukivusha kwa fada kichwa kinazunguka kama kimelewa na gurudumu la rangi linapita rangi zote mbele za watu. Zitafutie ile mikisa ndogo ya chaneli 192, ina nafasi za taa 12 zenye chaneli 16 kila moja, urekodi humo, na waya wake wa DMX, ule wa kupeleka amri kwenye taa, uwe peke yake.

kijana_wa_Mikindani
Mi naweka sauti tu, maiki ya mikisa inasikiliza besi taa zinaruka zenyewe, nakula pweza wangu

Fundi Ligula
Singeli sawa dogo. Kwenye dua ya ufunguzi jee?

Lindi_Stejini
😂😂 Chikongola, moja tu kabla hujalipa. Ijaribu kwenye kuvusha. Weka chaneli moja juu kabisa safu zote mbili, vusha taratibu. Mikisa nyingi za zamani mwanga unazama katikati, maana A iko nusu na B iko nusu na HTP inachukua hiyo nusu. Ikizama sio mbovu, ila kila siku utapandisha B kwanza mpaka mwisho ndo ushushe A. Na angalia fada kuu ya B, ile ya kuvushia, nyingi zimegeuzwa, sifuri iko juu, ili mkono uzisukume zote mbili upande mmoja. Muuzaji asikwambie imeharibika ukapata punguzo la uongo, au we ukadhani imekufa ukaiacha.

Chikongola_Taa
Naenda kuiona Jumamosi, nabeba pakani moja na waya wangu.