Nina ndevu mpaka kifuani, mzee ananiita "binti wa Jiografia"

Kitasa_Kibovu, 15 Desemba, saa 11:40 jioni

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka chai imekataa kushuka.

Mnamjua. Sitaji jina, sina hela ya wakili, ila kama ulipita idarani kwetu miaka kumi hii unamjua tu. Yule wa koti la kaki. Anayefundisha akiangalia feni. Mtihani wake una maswali matano na yote matano hayamo kwenye desa.

Mwezi wa tisa nilimwomba barua ya mapendekezo. Naomba masta ya Takwimu Marekani, na kule wanataka barua tatu. Siyo kwamba refa anaandika karatasi, anagonga muhuri, unaondoka nayo. Chuo chenyewe kinamtumia linki kwenye imeili, anajaza yeye, wewe huoni alichoandika. Yaani maisha yako yote yamekaa kwenye sanduku la imeili la mtu mwenye ujumbe elfu kumi na nne ambao hajaufungua. Marefa wawili walijaza ndani ya wiki, Mungu awazidishie. Akabaki yeye.

"Nikumbushe Jumatatu." Nikamkumbusha Jumatatu. "Nipo Dodoma kikaoni." Karudi Dodoma. "Ile linki siioni." Nimemtumia linki mara tisa, wakuu. Mchumba wangu sijawahi kumtumia meseji tisa mfululizo hata siku aliponinunia.

Leo siku ya mwisho. Daladala mbili kutoka Mbagala, jua la Desemba, shati limegandana na mgongo. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Katoka. Nimesimama. "Shikamoo Profesa." Kashusha miwani puani, kanikagua kuanzia juu mpaka viatu, na mbele ya madogo wa mwaka wa pili waliokuja kulilia sapu zao, mitihani ya kurudia, akasema:

"Marahaba. Wewe si yule binti wa Jiografia?"

BINTI. WA. JIOGRAFIA.

Nina ndevu! Nina futi sita! Jengo la Jiografia nililiingia mara moja tu, nilikuwa natafuta choo! Utafiti wangu wa mwaka wa tatu alinisimamia yeye, sahihi yake ipo, GPA yangu, yaani wastani wa alama, 4.1, na mzee ananiona binti. Nikadhani utani. Akaongeza: "Yako mbona nilishatuma." Ameshatuma ya binti! Kuna binti mahali amekaa anakunywa juisi ya ukwaju, barua yake imefika, na mimi niliyekausha benchi kwa makalio sina kitu.

Dogo mmoja alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ana sapu tatu, lakini alipata nguvu za kucheka.

Ada ya kuomba chuo kimoja nimelipa dola 90, kwa kadi ya shemeji. Dola 90 ili niitwe binti.

Naishia hapa. Hapana, siishii. Binti wa JIOGRAFIA?

Ukwaju_Baridi
Pole sana binti.

Kisiki_cha_Mpingo
Nimeona kichwa cha habari nikaja mbio, nikadhani kuna ugomvi wa ndoa. Kumbe barua. Rudisheni bando langu.

Babu_Kalamu
Koti la kaki, feni... waliosoma Cuba wameshaelewa. Mimi mwaka 2014 aliniambia andika mwenyewe niletee nisaini. Nikajimwagia sifa: "mwanafunzi bora kuwahi kutokea". Akasoma taratibu, akatoa kalamu nyekundu, akakata "kuwahi kutokea" akaandika "kiasi". Nimeomba masta Norwei nikiwa mwanafunzi bora kiasi.

Kitasa_Kibovu
Babu Kalamu, wewe angalau alijua wewe ni wewe! Mimi kanikagua mpaka viatu. Namba 44! Binti gani wa Jiografia anavaa 44?

Ukwaju_Baridi
Usidharau mabinti wa Jiografia, wanapanda milima.

Kisiki_cha_Mpingo
Refa kakunyima penati. Omba VAR.

Chaki_na_Vumbi
Nasema hili nikijua mtanipiga mawe. Mimi ni mhadhiri, chuo kingine. Ikifika Novemba napata maombi ya barua kama arobaini, na mmoja huyo huyo ameomba vyuo saba, kila chuo na fomu yake. Fomu inauliza: kati ya wanafunzi wote uliowafundisha, huyu yupo kwenye asilimia 2 ya juu, 5, au 10? Darasa lina watu 600! Mnakaa nyuma, hamuulizi swali miaka mitatu, halafu saa sita usiku inaingia meseji "Prof mambo, nakumbushia ile ishu". Ishu gani? Wewe nani? Na baadhi ya vyuo havitaki imeili ya yahoo, vinataka ya ofisini, na ya ofisini nenosiri analo yule wa kompyuta ambaye yuko likizo.

Kisiki_cha_Mpingo
Huyu ndiye mwenyewe. Kaja na akaunti mpya. Mwangalieni kama ana koti.

Kitasa_Kibovu
Mkuu Chaki, shikamoo, lakini mimi nilikaa MBELE. Nilikuwa namshikia projekta! Miaka mitatu namshikia projekta, anifananishe na binti wa Jiografia?

Babu_Kalamu
Sasa ndiyo naelewa. Ulikuwa nyuma ya mwanga, hakuwahi kuiona sura yako.

Baridi_ya_Ohio
Mleta uzi, punguza kelele unisikilize. Dedilaini yako imeandikwa saa za wapi? Kama ni 23:59 ya Marekani mashariki, hapo Dar ni saa 1:59 asubuhi ya KESHO. Una usiku mzima. Halafu vyuo vingi huku barua ya refa ikichelewa siku mbili tatu wanaipokea, muhimu fomu yako wewe iwe imeingia kwa wakati. Waandikie ofisi ya udahili usiku huu huu, kwa adabu, usiwatajie habari za benchi. Na hiyo dola 90, vyuo vingine ukiomba mapema wakusamehe ada wanakusamehe. Sisi wengine tulilipa kwa ujinga.

Kitasa_Kibovu
Baridi, Mungu akupe jua. Nimepiga simu nyumbani kwake. Kapokea mama. Nikajieleza, mama akaita, "Baba, kuna mwanafunzi wako." Nikamsikia mzee kwa mbali, kwa masikio yangu haya: "Ni yule binti?"

Ukwaju_Baridi
😂😂😂 Nimemwaga mchuzi kwenye kanga mpya.

Kisiki_cha_Mpingo
Itika tu, "ndiyo Baba, ni mimi". Upate barua uende zako Marekani. Ndevu utazielezea uhamiaji.

Nusu_Mkate
Nyie mna bahati mnalia na barua. Mimi fomu yao GPA inaishia 4.0. Ya kwetu inaishia 5.0. Nikiandika 4.1 inageuka nyekundu na kuniambia nirekebishe kosa. Huku 4.1 ni apa sekondi ya kawaida tu, fasti klasi inaanzia 4.4, kule wakiiona wanadhani wewe ni Einstein au tapeli.

Dada_wa_Zamu
GPA siyo shida. Shida ni Chevening, ule ufadhili wa Uingereza. Mwaka 2022 nimekaa nahesabu saa za kazi zifike 2,800 kama fundi anayehesabu tofali, nimejumlisha mpaka za kujitolea, nimeandika insha nne, moja ya uongozi, mtu mwenyewe sijawahi kuongoza hata kikoba. Wakanikataa kwa aya mbili zenye adabu kuliko za mchumba wangu wa kwanza.

Mzee_Kijana
Afadhali wewe ulifika kukataliwa. Programu nyingi za DAAD, ule ufadhili wa Ujerumani, wanataka digrii yako isizidi miaka sita. Nilimaliza chuo, nikasema nijipange kwanza. Nimejipanga miaka saba.

Nusu_Mkate
Mzee Kijana umejipanga ukapitiliza kituo.

Ramani_Mkononi
Samahani wakuu, mimi msomaji tu siku zote. Mimi ni msichana, nimesoma Jiografia, na mtu wa koti la kaki nilimwomba barua mwezi wa kumi. Nimefungua ukurasa wangu sasa hivi, bado umeandikwa haijapokelewa. Sasa hiyo aliyotuma ni ya nani?

Babu_Kalamu
Uwiiiii.

Ukwaju_Baridi
Kuna binti wa tatu.

Kitasa_Kibovu
Ramani, njoo pembeni. Kesho asubuhi twende wote tusimame sambamba, atuangalie achague.

Dada_wa_Zamu
IELTS nayo, ule mtihani wa Kiingereza, wameitaja? Cheti kinakufa baada ya miaka miwili. Yaani Kiingereza changu kimeoza? Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza.

Nusu_Mkate
Wakuu kabla sijasahau, kadi ya benki gani inalipa dola mtandaoni bila kukataa? Yangu imekataa mara nne na makato imekata mara nne.

Mzee_Kijana
Usinikumbushe benki. Ile mnayoijua ilimeza kadi yangu Kariakoo siku ya Ijumaa, wakaniambia nije Jumatatu na barua ya mtendaji wa mtaa.

Kitasa_Kibovu
Jamani, saa 7 usiku hii, mama kasema mzee yuko mezani na kompyuta. Kuna mtu yuko macho?

Dada_wa_Zamu
Mzee Kijana, hiyo hiyo! Foleni saa nne, madirisha sita, linafanya kazi moja, na mhudumu anakula karanga.

Kisiki_cha_Mpingo
Za kuchemsha au za kukaanga?

Dada_wa_Zamu
Za kukaanga. Na maganda anadondoshea kwenye fomu yangu.